Unga wa protini au sufuria ya choroko? Namna ya kuamua ukiwa Dodoma

Kijana mmoja tunayefanya naye mazoezi hapa Chang'ombe alinifuata jioni moja tukiwa tumemaliza kunyanyua vyuma, akanionyesha picha ya kopo la unga wa protini kwenye simu yake. "Kocha, shikamoo. Nimedunduliza laki mbili na nusu. Ninunue hili?" Nikamuuliza asubuhi amekula nini. Chai ya rangi na chapati mbili. Na jana asubuhi? Chai ya rangi na chapati mbili. Nikaomba kalamu, tukakaa kwenye benchi, tukapiga hesabu nyuma ya risiti ya duka.

Nimeipanga hesabu ile hapa chini ili na wewe wa Nkuhungu, Kikuyu, Kongwa au Kondoa uifanye bila kuniita. Sina ugomvi na unga wa protini, hata nyumbani kwangu lipo kopo. Ninachosisitiza ni mpangilio: sufuria kwanza, kopo baadaye, tena kama hesabu yenyewe inalidai.

Hatua ya 1: Jua namba yako

Pima uzito wako asubuhi kabla ya kula. Mtu mzima asiyefanya mazoezi mazito anahitaji gramu 0.8 hivi za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Anayenyanyua vyuma au kukimbia kwa bidii anahitaji kati ya gramu 1.2 na 2. Wengi wanaotafuta misuli inawatosha gramu 1.6, na ukizidisha sana hapo faida inakuwa ndogo mno. Mzee aliyevuka miaka 65 asibaki kwenye 0.8. Kwake gramu 1 hadi 1.2 ni afadhali, kwa sababu misuli ya uzeeni huisha upesi na ni migumu kuirudisha.

Kijana wangu alikuwa na kilo 62. Zidisha kwa 1.6, unapata gramu 99, tukaandika 100. Asingekuwa anafanya mazoezi, gramu 50 zingemtosha kabisa.

Kabla hujaendelea: kama una ugonjwa wa figo, au una kisukari au shinikizo la damu la muda mrefu na hujawahi kupimwa figo, usipandishe protini kwa chakula wala kwa kopo mpaka umeongea na daktari. Figo iliyokwisha kuchoka huelemewa na mabaki ya protini. Kipimo cha damu na mkojo ni cha siku moja tu.

Hatua ya 2: Andika unachokula siku tatu mfululizo

Usiandike unachopenda kula au ulichokula sikukuu. Andika siku tatu za kawaida, mojawapo iwe ya mwisho wa wiki. Kisha tumia makadirio haya.

Yai moja lina gramu 6, la kienyeji au la kisasa, ila la kienyeji likiwa dogo hupungua kidogo. Kikombe kikubwa cha maharage yaliyoiva, cha robo lita, ni gramu 15, na choroko ni 14. Glasi ya maziwa au mtindi ya robo lita ni 8. Nyama ya ng'ombe iliyoiva isiyo na mafuta mengi, gramu 100, ina 26, na kidari cha kuku cha uzito huohuo kina 31. Gramu 100 za nyama iliyoiva zinakaribia ukubwa wa kiganja chako bila vidole. Dagaa wakavu ndio mabingwa: zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, kwa hiyo konzi moja nzuri, gramu 25 hivi, inakupa 15. Chapati moja ni 4 au 5. Sahani ya ugali wa dona ni kama 12, na ya wali ni 6 au 7.

Kijana alipata gramu 9 asubuhi. Mchana, ugali na maharage kwa mama lishe, 27. Usiku, wali, mchicha na vipande viwili vya nyama vya kutafuta kwa tochi, 21. Jumla 57, pengo 43. Akashangaa kwamba zaidi ya robo ya protini yake inatoka kwenye maharage ambayo yeye huyaita chakula cha shuleni.

Mtama na uwele usivihesabu kwa ukamilifu wake. Mtama una protini inayokaribia kumi kwa mia, lakini ukishapikwa kwa maji protini hiyo hujifunga na tumbo hushindwa kuimeng'enya vizuri. Bibi zetu waliochachua unga kabla ya kupika uji walikuwa wanailegeza, kwani kuchachua hurahisisha umeng'enyaji. Ukipika uji wa mtama, ulaze usiku mmoja. Na ukila ugali wake, uambatanishe na jamii ya kunde. Protini hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Nafaka zina upungufu wa kimoja kiitwacho laisini, ambayo maharage yanayo tele, na maharage yana upungufu wa methionini, ambayo nafaka inayo. Si lazima vikutane kwenye sahani moja, mradi vyote umevila siku hiyo.

Hatua ya 3: Ziba pengo jikoni

Anzia asubuhi, kwa sababu ndiko wengi wetu tunakovuja. Mwili hutumia protini vizuri zaidi ukiipata kidogokidogo mara tatu au nne kwa siku, gramu 20 hadi 30 kila mlo, kuliko kuisubiri yote usiku. Kijana tulimwongezea mayai mawili ya kuchemsha na glasi ya mtindi asubuhi, gramu 20. Mchana akaongeza konzi ya dagaa, 15. Usiku nusu kikombe cha choroko, 7. Jumla 42. Pengo limezibika, na laki mbili na nusu bado iko mfukoni.

Mayai yapike. Najua wapo wanaopasua mayai mabichi matano kwenye glasi na kuyanywa mbele ya wenzao. Yai lililopikwa, mwili hufyonza protini yake zaidi ya asilimia 90, ila bichi ni kama nusu tu, na juu yake unajiwekea hatari ya bakteria wa salmonela. Unalipia mayai matano na unatumia mawili na nusu.

Dagaa chagua kwa macho na pua. Pale soko la Majengo omba uchote mwenyewe kidogo kiganjani. Wazuri wana mng'ao wa fedha, wamekauka mpaka wanavunjika kwa mlio, na ukiwasugua hawakuachii mchanga. Wakiwa wamegeuka rangi ya njano au kutu na wananuka mafuta ya zamani, rudisha kwenye gunia. Ukifika nyumbani wachambue, waoshe kwa maji ya moto mara mbili upesi upesi, wakaushe kwenye kikaango bila mafuta mpaka waanze kuruka, ndipo uweke kitunguu, nyanya na ndimu. Ukiwatafuna na mifupa yao unapata na madini ya chokaa, kitu ambacho makopo mengi ya unga huyataja kwa fahari kubwa.

Maharage, choroko na mbaazi zina tatizo moja hapa kwetu nalo ni maji. Maji ya visima vya Dodoma ni magumu. Unayaona kwenye ukoko mweupe ndani ya birika. Maji ya namna hiyo hukaza ganda la maharage, yakakaa jikoni saa tatu na mkaa unaisha. Loweka usiku kucha na kijiko cha chai kimoja cha chumvi kwa kila lita ya maji, mwaga maji hayo asubuhi, weka mengine. Chumvi hulainisha ganda. Magadi nayo huivisha haraka, lakini huharibu vitamini B1, kwa hiyo mimi niliiacha. Mwenye sufuria ya presha ana bahati. Pika kilo nzima kwa mkupuo, gawa kwenye vifuko, gandisha. Maharage mekundu yachemke kwelikweli, povu likiruka, dakika kumi au zaidi, kwa sababu yakiwa hayajaiva yana sumu inayotapisha.

Soya ina gramu 36 za protini kwa kila gramu 100 zikiwa kavu, hakuna maharage mengine yanayoifikia. Ila isikaushwe juani na kusagwa hivihivi. Soya mbichi ina kizuizi kinachofunga kimeng'enya cha tumbo, na moto ndio unaokivunja. Chemsha dakika ishirini hivi, anika, kaanga mpaka iwe ya dhahabu, ndipo upeleke mashineni. Vijiko vitatu vya unga huo kwenye uji wa asubuhi ni kama gramu 10 za protini. Huu ni unga wa protini pia, isipokuwa hauna picha ya mtu mwenye kifua.

Karanga zinahitaji neno refu kidogo. Watu wa Kongwa tumekua nazo, na Waingereza walikuja kuzilima hapa kwa matrekta mwaka 1947 wakashindwa na ukame na udongo mgumu. Ni chakula kizuri, lakini karibu nusu ya uzito wake ni mafuta na robo tu ndiyo protini, hivyo ukizitegemea peke yake utanenepa kabla hujafikisha namba yako. Kubwa kuliko hilo ni sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa hii ya Dodoma na Manyara. Sumu hii hutokana na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, na kukaanga hakuiondoi. Kwa hiyo nunua karanga nzima mchana kweupe, mwaga kwenye ungo, ondoa zilizosinyaa, zenye rangi ya kijivu, zilizovunjika na zenye ukungu. Ukitafuna moja ikawa chungu, tema usimeze, na fungu hilo liache. Siagi ya karanga ambayo hukuona karanga zake kabla hazijasagwa usiile kila siku.

Supu ya kongoro ni tamu na baridi ya Juni hapa mjini inaidai. Lakini protini yake nyingi ni ile ya mishipa na ngozi, ambayo inakosa kabisa asidi amino moja ya lazima, triptofani. Iite supu, usiihesabu kwenye misuli. Hali ni hiyohiyo kwa unga wa kolajeni unaouzwa ghali kwenye vikopo vidogo.

Maziwa ya wafugaji yachemshe mpaka yafure, hata kama muuzaji anakuambia ng'ombe wake ni wazima, maana homa ya kutupa mimba ya mifugo humpata na binadamu. Kama maziwa yanakuunguruma tumboni, jaribu mtindi. Bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya sukari ya maziwa. Kiangazi maziwa hupungua na bei kupanda, hapo egemea kunde ulizonunua wakati wa mavuno na kuzihifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa.

Hatua ya 4: Piga bei kwa gramu

Bei hubadilika kila wiki, kwa hiyo chukua bei ya siku yako na ugawe kwa gramu za protini. Nakupa mfano tu wa namna ya kugawa. Tuseme trei ya mayai ni 9,000: mayai 30 mara gramu 6 ni 180, kila gramu shilingi 50. Tuseme kilo ya maharage ni 3,000: ndani yake mna gramu 220, kila gramu shilingi 14, ongeza za mkaa. Tuseme steki kilo ni 12,000: ina gramu 200 hivi ikiwa mbichi, kila gramu shilingi 60. Tuseme kopo la kilo mbili na robo ni 250,000 na lina vipimo 75 (vijiko vya kupimia), kila kimoja chenye gramu 24 za protini: jumla gramu 1,800, kila gramu shilingi 139.

Fanya hesabu hiyo kwa bei za mtaani kwako kabla hujasikiliza mtu yeyote, pamoja na mimi.

Hatua ya 5: Jiulize kama wewe ni mmoja wa wanaouhitaji unga wa kopo

Wapo. Mzee ambaye meno yamekwisha na nyama inamshinda, au mgonjwa anayerudi nguvu baada ya upasuaji na hamu ya kula imepotea, kwa ushauri wa anayemtibu. Mtu anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini Mtumba na hapati pa kula mpaka saa saba. Dereva wa masafa. Mwanariadha wa mazoezi mara mbili kwa siku ambaye tumbo halibebi tena chakula. Anayefunga Ramadhani na daku yake ni fupi. Kwa hawa kipimo kimoja ndani ya maji ni msaada wa kweli, na wasione aibu.

Asiyeuhitaji ni yule mwembamba asiyenenepa. Mara nyingi tatizo lake ni kwamba anakula kidogo kwa ujumla. Chakula kisipotosha, mwili huchoma protini kama kuni. Huyu aongeze ugali, wali, viazi, parachichi na mafuta ya alizeti ya Singida, kisha ndipo tuzungumze protini. Watoto na wajawazito nao wasipewe kopo kwa ushauri wa jimu.

Na kama ndoto yako ni kufuata nyayo za Alphonce Simbu, mwana wa Singida aliyeleta dhahabu ya marathoni ya dunia kutoka Tokyo mwaka 2025, fahamu kwamba mwanariadha huwajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama hakukijua. Virutubisho vya makopo vimewahi kukutwa na dawa zilizokatazwa ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Maharage hayajamfungia mtu.

Hatua ya 6: Kagua kopo kabla ya kutoa hela

Mimi nilijifunza kwa hasara. Nilinunua kopo kwenye duka moja la mjini, nikiwa na haraka. Nyumbani nilipofungua, karatasi ya fedha iliyozibwa mdomoni ilikuwa na mkato mwembamba pembeni, kama wa wembe, na unga umeshikana mabonge. Nikajidanganya kwamba ni joto la safari. Siku tatu sikutoka chooni. Nilipolirudisha, muuzaji aliniambia lilitoka dukani likiwa zima, na sikuwa na risiti. Kwa hiyo sasa nafungua kifuniko palepale kaunta, nabonyeza karatasi kwa kidole gumba, na naomba risiti kabla sijaondoka.

Kisha soma nyuma. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo. Kama moja imefutwa au imebandikwa stika juu, acha. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa vyakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwa hiyo mahali pa kuuliza au kulalamika ni huko.

Halafu gawa gramu za protini kwa gramu za kipimo. Kipimo cha gramu 30 chenye protini 24 ni asilimia 80, huo ni unga wa protini. Kipimo cha gramu 100 chenye protini 18 ni unga wa kunenepesha, na kilichobaki kwa sehemu kubwa ni sukari na wanga. Maharage makavu yana gramu 22 kwa 100, yaani yanaushinda unga huo ulioandikwa kwa herufi za dhahabu.

Unga mwingi unaouzwa ni wa wei, yale majimaji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kutengeneza jibini. Ni protini safi na inafanya kazi upesi. Ulioandikwa konsentreti una sukari ya maziwa ndani, wa aisoleti umechujwa zaidi na una bei zaidi. Tumbo likikusumbua kwa maziwa, chagua wa pili, au wa soya au njegere.

Kwenye orodha ya viambato tazama kama kuna glaisini au taurini zilizoongezwa. Kipimo cha kawaida cha maabara hakihesabu protini yenyewe, huhesabu naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25. Mjanja akimwaga kitu cha bei rahisi chenye naitrojeni, namba hupanda bila protini kupanda. Kwa udanganyifu wa namna hii, nchini China mwaka 2008 maziwa yaliongezwa maji kisha yakatiwa melamini, kemikali ya viwandani yenye naitrojeni nyingi. Watoto wachanga wapatao 300,000 waliugua na sita wakafa. Ndiyo maana sioni haya kumsimamisha muuzaji dakika kumi nikisoma herufi ndogo.

Hatua ya 7: Ukinunua, utumie hivi

Kipimo kimoja kwa siku, mahali palipo na pengo, si juu ya mlo uliokwisha kutosha. Saa si muhimu kama watu wanavyosema. Jumla ya siku ndiyo inayojenga. Maji yawe yamechemshwa na kupoa. Kijiko cha kupimia kiwe kikavu, kopo likae kabatini mbali na jiko. Chupa ya kutikisia isuuze palepale ukimaliza, maana kwa jua hili la Dodoma mpaka ufike nyumbani itakuwa inanuka kama ngozi mbichi.

Kula hivyo wiki sita huku ukiendelea na vyuma, kisha jipime tena asubuhi kabla ya kula na upime mkono kwa futi ya fundi cherehani. Mkono umeongezeka na kiuno kimebaki palepale, endelea bila kubadili kitu. Kiuno ndicho kilichoongezeka, punguza wali na karanga, protini iache. Hakuna kilichosogea, rudi kwenye karatasi ya siku tatu. Kijana wangu alirudi nayo akiwa na kilo 64, na hela ile akanunua sufuria ya presha kwa mama yake.